Bwana Tanaka wa vitabu vya mawasiliano: kuna aliyewahi kumuona?

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka zake atangulie jukwaa la michezo, tutamkuta.

Nasoma shahada ya uzamili ya mawasiliano hapa Dar, masomo ya jioni. Kabla ya hapo nilikaa miaka mitatu kwenye mradi wa barabara, katikati ya mafundi wetu na mainjinia wa Kichina, nikitafsiri kwa Kichina changu cha kuungaunga. Muhula huu tuna somo la mawasiliano baina ya tamaduni. Vitabu vya kiada ni vitatu, vyote vimechapwa Marekani, na kila kimoja kina sehemu yake ya "Waasia Mashariki": mara sura nzima, mara visanduku vya rangi pembeni mwa ukurasa. Nimevisoma na penseli mkononi. Juzi nikajikuta nacheka peke yangu kwenye mwendokasi hadi mama aliyekaa jirani akahamisha mkoba.

Anayenichekesha ni Bwana Tanaka. Kitabu kingine kinamwita Bwana Li, kingine Bwana Kim, ila mtu ni yuleyule: mwanamume wa makamo, suti nyeusi, anainama, anatoa kadi ya biashara kwa mikono miwili. Mbele yake amekaa Mmarekani, tumwite Bob, anataka jibu leo. Bwana Tanaka anavuta pumzi kwa meno, anasema "ni gumu kidogo". Bob anaelewa kwamba bado kuna nafasi, kumbe ameshakataliwa. Mkataba unakufa. Chini yake swali la majadiliano: Bob alikosea wapi?

Huyu Tanaka hana mke wala deni. Hana timu ya mpira. Hajawahi kumtukana dereva mwenzake barabarani. Yupo pale ili asieleweke, basi.

Sasa mimi nimefanya kazi na watu. Siku moja ya kumwaga zege, injinia mmoja kijana, mtu wa kaskazini mashariki mwa China, alimkatalia bosi wake mbele yetu sote, kwa sauti ambayo hata walinzi getini waliisikia, kwamba zege ni jepesi mno na yeye hatasaini. Bosi akanuna. Zege likarudishwa. Jioni wakala pamoja kama kawaida. Nimetafuta sura inayomhusu kijana yule, sijaiona.

Nikajiuliza huyu Tanaka alizaliwa wapi. Sehemu ya jibu ni vita. Mwaka 1946 mwanaanthropolojia Ruth Benedict alitoa kitabu juu ya Wajapani kilichotokana na kazi aliyoifanyia serikali ya Marekani wakati wa vita. Japani hakuwahi kuikanyaga, na wakati ule asingeweza. Aliwahoji Wajapani waliokuwa Marekani, akasoma, akatazama filamu. Ule mgawanyo wa "utamaduni wa aibu" na "utamaduni wa hatia" ulipata umaarufu kupitia yeye. Kisha Edward T. Hall, anayehesabiwa mwasisi wa somo letu, miaka ya 1950 alikuwa akiwanoa maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kabla hawajaenda ng'ambo. Yeye ndiye aliyekuja na muktadha mzito na muktadha mwepesi, mwaka 1976, na Japani ikawekwa upande wa mzito, kule ambako maneno ni machache na mengi yanabaki hewani. Halafu akaja Mholanzi Geert Hofstede mwaka 1980 na madodoso zaidi ya laki moja, yaliyojazwa na wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, kati ya 1967 na 1973. Humo ndimo zilimotoka zile alama za nchi tunazozikariri kwa mtihani. China bara haikuwemo, maana IBM haikuwa na wafanyakazi wa kuwauliza huko. Alama zake zilikuja kukadiriwa baadaye.

Mnaona mstari unakokwenda? Ofisa, askari, meneja. Vitabu hivi viliandikwa kumwelekeza Bob. Ukikuta neno "sisi" ndani yake, sisi ni Bob. Na mimi, mtoto wa Shinyanga, nikisoma kwa ajili ya mtihani, nakaa kwenye kiti cha Bob bila kuulizwa kama kinanitosha.

Hakinitoshi. Kurasa hizo zinasema Mwasia Mashariki hamkazii macho mkubwa wake. Anapokea kitu kwa mikono miwili. Kabla ya biashara anauliza habari za nyumbani. Akikataa, anazunguka. Wakuu, hapo ni Osaka au ni Usukumani? Bibi yangu ukimpa kitu kwa mkono mmoja, tena wa kushoto, hakipokei. Na kukataa je? Sisi tuna "njoo kesho", tuna "tutaona", tuna "Mungu akipenda", tuna "nimekuelewa, ngoja nilifanyie kazi". Hiyo ya mwisho ukiisikia kwa bosi, anza kuandika barua za maombi kwingine.

Sisemi Msukuma na Mjapani ni ndugu. Nasema kama bibi wa Shinyanga na karani wa Osaka wote wanapokea kwa mikono miwili, basi huenda anayehitaji sura yake maalumu kitabuni ni Bob.

Naomba michango. Mods, msiunganishe na ule uzi wa bidhaa feki tafadhali.

#2

Nimeweka kambi. Ngoja waje wenye vyeti vyao.

#3

Mleta mada umesoma sana, ila umeniwahi. Mimi ni mtu wa Kariakoo, naenda Guangzhou na Yiwu, miji ya biashara huko China, kufunga mzigo. Anayesema Mchina hasemi hapana hajawahi kushika kikokotoo mbele ya mama wa duka la Yiwu. Unaandika bei yako, anaitazama, anaifuta mbele ya macho yako. "Bu xing!" Haiwezekani. Hata hajamaliza kutafuna. Ukiondoka anakuita. Ukirudi anakukatalia tena, safari hii anacheka.

Ila nikienda kiwandani kwenyewe, kwa mwenye mali, hapo kuna chai kwanza, kuna kuulizwa watoto wangapi, kuna chakula. Mtu yuleyule akiwa dukani ana dakika mbili na wewe, akiwa nyumbani kwake ana siku nzima. Kitabu kitamweka muktadha gani?

#4

Kwa heshima zote, mleta mada unabomoa nyumba ya watu huku huna tofali. Nimefanya kazi miaka sita kwenye mradi wa Wajapani wa kaizen, ule mtindo wao wa kuboresha kazi kidogo kidogo, viwandani. Kabla ya kuanza tulipewa semina ya siku mbili yenye hizo hizo alama unazozicheka. Zilinisaidia. Nilijua nisimbishie kiongozi wa msafara kikaoni, nimfuate pembeni. Nilijua kimya si hasira. Bila semina ningeharibu wiki ya kwanza.

Wastani ni wastani. Nikisema Wamasai ni warefu, wewe ukaniletea Mmasai mfupi, hujanibomoa.

#5 Mleta mada

Mkuu #4, hoja yako nzito, na nakubali nusu yake. Semina ilikupa adabu, na adabu haijawahi kumdhuru mtu. Nina shida na mengine.

Tuuchukue huo wastani wenyewe. Jedwali la Hofstede kuhusu kuogopa mambo yasiyotabirika: Japani 92, Korea Kusini 85, Taiwan 69, Hong Kong 29. Ni jedwali lake, si langu. Kutoka 92 hadi 29 ndani ya "Asia Mashariki" moja! Kwenye kile alichokiita uanaume, yaani kutukuza ushindani na mafanikio, Japani ina 95, Korea Kusini 39. Kitabu kinachapisha jedwali hilo ukurasa mmoja, ukurasa unaofuata kinaanza "Waasia Mashariki huwa..." Mwandishi hakulisoma jedwali lake mwenyewe?

Pili, ule wimbo kwamba Mjapani ni wa kundi na Mmarekani ni wa nafsi yake. Watafiti wawili wa Kijapani, Takano na Osaka, mwaka 1999 walikusanya tafiti 15 zilizolinganisha nchi hizo mbili na kukuta kwamba karibu zote haziungi mkono wimbo huo. Miaka mitatu baadaye Daphna Oyserman na wenzake wakachambua rundo kubwa zaidi la tafiti, nao wakakuta kwamba Wamarekani Weupe hawakuwa nyuma ya Wajapani wala Wakorea katika kuthamini kundi. Wachina ndio waliotofautiana nao kwa kiasi kikubwa. Nimetafuta matokeo hayo kwenye vitabu vyetu vitatu. Kimoja kimeyapa sentensi moja, ndani ya mabano.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Tarehe 6 Agosti 1997 ndege ya Korean Air namba 801 iligonga kilima Guam, watu 228 kati ya 254 wakafa. Mwaka 2008 kitabu kimoja kilichouzwa sana Marekani kikaieleza ajali ile kwa utamaduni: rubani msaidizi Mkorea anamwogopa mkubwa wake, anaongea kwa mafumbo, ndege inaanguka. Mwalimu wetu ameuleta mfano huo darasani, na watu wakaandika.

Nikaenda kuitafuta ripoti ya wachunguzi wa Marekani. Ni kweli inasema wasaidizi hawakumfuatilia nahodha ipasavyo. Inasema pia kwamba nahodha hakuuandaa utuaji vizuri wala kuutekeleza sawasawa, kwamba alikuwa amechoka, kwamba mafunzo ya kampuni yalikuwa hafifu. Chombo cha uwanjani cha kuongoza mteremko kilikuwa hakifanyi kazi. Na mtambo wa ardhini wa kutoa tahadhari ndege ikishuka chini mno ulikuwa umezuiwa kwa makusudi na mamlaka ya anga ya Marekani yenyewe. Hayo yote yakaishia wapi? Yalikunjwa yakaitwa "utamaduni wa Kikorea".

Sasa angalia Tenerife, 27 Machi 1977. Ndege ya KLM ya Uholanzi ikaanza kukimbia kuruka bila ruhusa na kuigonga ya Pan Am ya Marekani, watu 583 wakafa. Mhandisi wa ndege alikuwa ameuliza chumbani mwa marubani kama Pan Am imeshatoka njiani. Nahodha akamjibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mkubwa, mdogo, kunyamaza. Kwenye jedwali la umbali wa madaraka, yaani mdogo anavyokubali mkubwa awe juu yake, Uholanzi ina 38, Korea Kusini 60, na Ufaransa, kwa taarifa yenu, 68. Sijakutana na kitabu cha kiada kinachosema KLM iliangushwa na Uholanzi. Kwa Mzungu ajali inaitwa ajali.

#6

Salamu kutoka Nairobi. Mleta mada umesahau ile yenye inatuhusu sisi. Hofstede alipoongeza nchi, watu wa IBM huku kwetu walikuwa wachache, so akatuunganisha. Kwa jedwali kuna kitu kinaitwa "Afrika Mashariki": Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia, alama moja. Kwa ule upimaji wa umimi tuko 27. Japani iko 46. Yaani kwa hesabu zake, mimi wa Umoja, Nairobi, ni wa kundi kumshinda Tanaka!

Sasa Mhabeshi na Mzambia wanakaa hema moja ya nani? Mzee wangu alifanya kazi na Wahabeshi, hata chai hawakubaliani.

#7

#6 umenichekesha. Mie niko Unguja, nimesomea Wuhan miaka minne.

Vitabu vinapenda sana hadithi ya "uso", eti Mchina anaogopa kupoteza uso. Neno lao ni mianzi. Siku ya kwanza mwalimu alipolitamka nilidhani anaeleza mambo ya kujengea nyumba. Alipofafanua nikasema, kumbe hili? Hili kwetu lina msamiati wa kujaza debe. Mtu ameumbuka. Ameumbuliwa. Msitiri mwenzio. Hana haya. Uso umeumbwa na haya, wazee wetu wakisema. Bibi yangu mtu akija kuomba chumvi na yeye hana, hasemi "sina", anasema "imekwisha sasa hivi", hata kama imekwisha tangu Ijumaa. Anamsitiri muombaji na anajisitiri mwenyewe.

Na kuna jambo nalipenda kulisema. Nadharia ya kulinda uso ambayo tunafundishwa kama ya binadamu wote, Erving Goffman aliiandika mwaka 1955, na tanbihi zake zinamtaja mwanaanthropolojia wa Kichina, Hu Hsien Chin, aliyeandika juu ya mianzi mwaka 1944. Yaani wazo lilitoka China. Likishikwa na mtu wa Magharibi, nadharia. Likibaki kwa Mchina, tabia ya kwao.

#8

Msiwaonee Wamarekani peke yao. Wajapani wenyewe wamejiuza hivyohivyo. Nakane Chie aliandika mwaka 1967 kwamba jamii yao ni ya ngazi, Doi Takeo mwaka 1971 akaeleza kila kitu kwa neno moja, amae, ile hali ya kujidekeza kwa mtu ukijua atakubeba. Vitabu vya "sisi Wajapani ni wa pekee" vilijaa madukani kwao. Vilikuwa na wateja, na wateja wa kwanza walikuwa Wajapani. Msimgeuze Tanaka kuwa yatima, ana wazazi wa nyumbani pia.

#9 Mleta mada

#8 umenena, na nashukuru kwa kunirudisha. Ila hao hao wa nyumbani ndio walioanza kumpinga. Befu Harumi aliandika sana dhidi ya biashara hiyo ya upekee. Sugimoto Yoshio na Ross Mouer nao, miaka ya 1980, waliuliza: mnaposema Mjapani, mnasema mfanyakazi wa kudumu wa kampuni kubwa? Wanawake wako wapi? Vibarua? Wavuvi? Watu wa Okinawa? Ndiyo maana Tanaka ana suti. Wenye suti ndio walioulizwa.

Na kuna mwingine, Miike Yoshitaka, yuko Chuo Kikuu cha Hawai'i, Hilo. Anataka Waasia wasimame katikati ya maelezo yao wenyewe badala ya kuwa data ya nadharia za wengine. Mnajua wazo hilo kalichukua wapi? Kwa Molefi Asante, yule msomi Mmarekani Mweusi wa kuiweka Afrika katikati. Nilipolisoma hilo nilisimama nikatembea chumbani. Halafu sisi tunaagiza Tanaka kutoka Marekani.

Kuhusu Confucius, yule mwanafalsafa wa kale wa China, maana najua atakuja: mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Max Weber, msomi wa jamii, alieleza kwamba mafundisho yake ni sababu mojawapo ya ubepari kutochipua China. Ilipofika miaka ya 1980, Japani, Korea Kusini na Taiwan zikiwa juu, Confucius yuleyule akasifiwa kwa kuleta viwanda. Mwaka 1911 Mwingereza Beatrice Webb alitembelea Japani akalalamika kwamba watu wanapenda mno starehe na hawataki kutawaliwa na mtu kazini. Wajapani hao hao! Ukitaka kujua uchumi wa nchi unaendaje, soma jinsi dini yao inavyosimuliwa.

Na hao Wakorea waoga wa wakubwa, Juni 1987 walijaa barabarani mpaka utawala wa kijeshi ukakubali rais achaguliwe na wananchi moja kwa moja. Majira ya baridi ya 2016 kuingia 2017 walishika mishumaa wiki baada ya wiki hadi Rais Park Geun-hye akaondolewa madarakani. Sijui dodoso lingewapa ngapi wiki hiyo.

#10

Naomba niwe mchawi wa uzi huu. Sisi je? Shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu wa hesabu wa kujitolea, Mjapani. Miaka miwili mtaa mzima unamwita Mchina. Watoto wanamfuata na zile kelele za "ching chong". Alijifunza Kiswahili mpaka methali. Anasema "mimi si Mchina, natoka Japani", watu wanajibu "sawa Mchina". Bob angalau anajua kuna Tanaka na kuna Li. Kwetu kitu kikiharibika siku ya pili ni cha Mchina, na aliyekiagiza hivyo, kwa bei hiyo, ni mtu wa Kariakoo. #3 usininunie.

#11

#3 tena. Sinuni. Kweli tupu. Kiwandani wanakuuliza: daraja la kwanza, la pili au la tatu? Wewe ndiye unayesema la tatu. Halafu unarudi Dar unasema Mchina ametuletea takataka.

#12

#4 hapa. Mleta mada, nimesoma yote. La KLM limenishika. Bado nasema semina ilinisaidia, ila nikikumbuka vizuri, kilichonisaidia zaidi ni mzee mmoja dereva wa mradi aliyenieleza: "Yule bosi ukimkuta asubuhi kabla ya kahawa usimsemeshe. Yule mwingine semeshana naye hata usiku." Alitaja watu. Hakutaja nchi.

Swali la utendaji: mtihani utajibuje? Mwalimu anataka alama za Hofstede.

#13 Mleta mada

Mkuu, hapo ndipo penye mtihani kweli. Swali la kazi ya nyumbani tulilopewa: "Eleza vikwazo vya mawasiliano kati ya meneja wa Marekani na mfanyakazi wa Asia Mashariki." Tumo darasani 31, wote Watanzania. Angalau saba tumewahi kuajiriwa na Wachina, wawili na Wakorea. Hakuna hata mmoja wetu aliyemo kwenye swali hilo.

Nimeamua hivi. Kurasa mbili za mwanzo nitampa alama zote anazozitaka, 91 ya umimi kwa Marekani, 46 kwa Japani, bila kukosea. Kisha nitamleta injinia wangu wa zege, na mama wa Yiwu kama #3 ataniruhusu, na bibi wa chumvi wa #7. Nitauliza kila mmoja anakaa safu gani ya jedwali. Tarehe ya kukusanya ni Jumatatu.

#14

#3. Ruhusa umepata, ila mwandike vizuri yule mama, ana watoto wawili wanasoma Hangzhou na mume anashabikia Manchester United kupita kiasi. Alama ukipata tuwekee hapa. Na mwenye mzigo mdogo wa kuchanganya kontena mwezi ujao, aje PM.